Shata za Bibi Kabla ya Mvua

Tarehe 2 Septemba

Haya wewe Mpekuzi wangu, karibu. Najua umefungua daftari hili bila kupiga hodi, na najua huwezi kujizuia, kwa hiyo kaa vizuri tu. Ila usiegemee ukuta, una vumbi. Usiguse meza, ina vumbi. Humu ndani kila kitu kina vumbi, na ndiyo habari yenyewe.

Leo Mjomba kapiga simu. Mjomba ni kaka yake Mama, wote watoto wa Bibi, anaishi mji mwingine, na sisi tunamwita Kamanda kwa sababu hata akikuomba chumvi unajikuta umesimama wima. Mama akaiweka simu mezani, sauti wazi, ili Bibi asikie.

"Daktari wa kifua kasemaje?"

"Kasema vumbi," Mama akajibu.

"Nilisema mimi! Zile shata zenu ni maghala ya vumbi. Mvua ya kwanza ikinyesha nakuja na gari, namchukua Mama aje akae kwangu moja kwa moja. Kwangu kuna vioo, kuna blaindi, hakuna vumbi."

Bibi alikuwa kwenye kiti chake pembeni ya dirisha. Akakohoa, akanyoosha mkono, akaongeza sauti ya redio. Bibi aondoke? Nani atanitania asubuhi? Mdomo ukafunguka wenyewe:

"Mjomba, na shata zikiwa safi je?"

"Nani huyo?"

"Mimi."

"Kimbunga? Wewe uliyeanza kushona ukaacha, ukaanza kusuka ukaacha, ukafungua redio ya Mama ukabakiwa na vipande vitatu mkononi?"

"Lakini inaimba, Mjomba!"

"Inaimba stesheni moja!"

Ni kweli. Lakini ni stesheni nzuri.

Mjomba akasema: "Sawa. Mvua ya kwanza nitakuwa hapo hapo. Nikikuta hakuna vumbi, na tone la maji haliingii ndani, Mama atabaki. Nikikuta vingine, anapanda gari. Tumeelewana?"

Tumeelewana. Sasa nikueleze shata zenyewe, Mpekuzi. Madirisha yetu ni sita na hayana vioo. Kila moja lina shata mbili za mbao, ya kushoto na ya kulia, zinafunguka kama milango midogo. Kila shata ina vibao vyembamba vimelala mshazari, kimoja juu ya kingine, ili upepo upite na jua libaki nje. Alizitengeneza marehemu Babu kwa mikono yake. Kila kibao kina juu na chini, na kote kuna vumbi, na juu ya vumbi kuna utando wa buibui, na juu ya utando kuna vumbi jipya. Kwenye bawaba limejaa tope kavu la nyigu, ndiyo maana hazifungi hadi mwisho.

Naanza kesho. Wiki moja nitakuwa nimemaliza.

Tarehe 3

Nimeanza kwa kishindo. Nimechukua ufagio, nimepanda stuli, nimeitandika shata ya sebuleni kama imenitukana. Vumbi likatoka lote! Likahamia kwenye makochi, kwenye chai, kwenye nywele zangu, na mwisho kwenye kifua cha Bibi. Alikohoa mpaka mtandio ukadondoka.

Mama akaja mbio kutoka kwenye cherehani, pini bado ziko mdomoni. "We mtoto, unasafisha au unagawa?"

Tarehe 4

Nimefuta asubuhi. Jioni nimeandika jina langu mezani kwa kidole. Limesomeka.

Tarehe 5

Upepo. Limesomeka tena.

Tarehe 6

Nimejaribu maji mengi. Sasa vumbi limekuwa tope, na tope limekauka kwenye pembe za vibao, pale kidole hakifiki. Nimekoroga. Bibi kaniuliza kama natengeneza matofali.

Tarehe 9

NIMEPATA! Sikiliza, Mpekuzi, na kama una shata kwenu, jaribu.

Kwanza, nje ya dirisha simama wewe. Ndani, tundika shuka lililoloweshwa likakamuliwa, libane fremu yote. Halafu chukua brashi ya rangi, ile pana, iwe kavu kabisa, ipitishe kibao kwa kibao kutoka juu kwenda chini, taratibu. Vumbi likikimbilia ndani linakutana na shuka bichi, linanasa. Kisha nimechukua rula ya Mama, nimeizungushia mabaki ya kitambaa laini, nimeyafunga kwa mpira, nimechovya kwenye maji ya sabuni kidogo, nimekamua mpaka vidole vikauma. Rula inaingia kati ya vibao kama imezaliwa humo! Kwenye pembe, mswaki wa zamani. Mwisho kitambaa kikavu.

Hakuna aliyenifundisha. Nimekosea njia zote mpaka ikabaki moja.

Sasa sikia hii. Kibao cha kwanza kilipotakata nikapiga kelele. Ni kijani! Kijani kama jani la mgomba! Maisha yangu yote nilijua shata zetu ni za kahawia.

"Bibi! Njoo uone! Ni za kijani!"

"Kwani ulidhani babu yako alipaka rangi ya vumbi?" akasema. Lakini alikuja. Akaweka kiganja chake juu ya kibao, akakiacha hapo muda mrefu, na hakukohoa.

Fundi Randa akachungulia juu ya ua. Huyu ni seremala, jirani yetu, mdomo wake haupumziki hata akila. "Kimbunga! Umemaliza madirisha mangapi?"

"Nusu."

"Nusu ya madirisha?"

"Nusu ya dirisha."

"Ahaa. Basi mvua itakukuta hapo hapo, tena ya mwaka kesho."

Acha acheke. Rangi ni ya kijani.

Tarehe 12

Dirisha la kwanza limekwisha. Mikono inanuka sabuni hata nikilala.

Tarehe 13

Upepo umevuma mchana kutwa. Dirisha la kwanza limechafuka tena. Sitaki kuongea na mtu.

Tarehe 18, nyumbani kwa Kamanda

Bibi alikuwa na siku ya kuonana na daktari wa kifua, na huyo daktari safari hii yuko mji wa Mjomba, basi nimemsindikiza. Tumelala kwa Kamanda. Anaishi peke yake siku hizi, watoto wake wamekua, kila mtu na njia yake.

Mpekuzi, ile nyumba isiyo na vumbi! Asubuhi Bibi kakohoa vile vile. Nikajiuliza, kulikoni? Madirisha ya Mjomba yana vioo, na mbele ya vioo kuna blaindi, zile za vibao vyembamba vya bati, unavuta kamba zinapanda, unazungusha kijiti zinageuka. Nikavuta kamba. Wee! Vumbi likanyesha. Kumbe tangu zitundikwe hakuna aliyewahi kuzivuta. Mjomba anatoka jua halijachomoza, anarudi limezama, blaindi zimefungwa mwaka hadi mwaka.

Nikacheka peke yangu kama mwehu. Kisha nikashindwa kuvumilia, mikono ikaanza kuwasha. Hapa rula haikufaa, bati linapinda. Nikafikiri. Nikavaa soksi mikononi! Nikachovya kwenye maji ya uvuguvugu yenye siki kidogo, nikabana kila kibao kati ya vidole, nikavuta kutoka katikati kwenda pembeni, juu na chini vinatakata kwa pamoja. Raha tupu! Nilifanya nyumba nzima, Bibi anaimba na mimi naitikia.

Jioni Kamanda kaingia. Nilikuwa nimezigeuza zote wazi. Akasimama mlangoni na mkoba wake.

"Nani kapaka rangi?"

"Hakuna aliyepaka, Mjomba."

Akaenda dirishani. "Kumbe kuna mlima kule."

"Mjomba, umekaa hapa miaka yote hujauona?"

Alikuwa anatazama ndoo. "Na hizo ndani ya maji ni soksi za nani?"

"Zilikuwa juu ya kamba…"

"Hizo ni soksi zangu za mikutano!"

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Kamanda akajaribu kununa, ikamshinda, mdomo ukamchezacheza.

Tarehe 19, bado kwa Kamanda

Asubuhi natafuta ufagio, nimefungua chumba cha mwisho, kile ambacho jana kilikuwa kimefungwa. Mpekuzi, nimekuta kitanda kipya, kisicho juu wala chini, cha mtu ambaye magoti yanamsumbua. Ndara mpya chini yake, saizi ya Bibi. Redio. Na kengele ndogo pembeni ya mto, ya kugonga usiku akiishiwa pumzi.

Mjomba akanikuta nimesimama hapo.

"Wewe ulikuwa bado hujazaliwa," akasema, na sauti haikuwa ya Kamanda kabisa. "Kuna siku kifua kilimbana Mama, mimi mdogo, tuko wawili tu. Nilikimbia kutafuta mtu. Milango yote niliyogonga hapakuwa na mtu. Niliporudi alikuwa kakaa, anapumua. Lakini mimi, Kimbunga, mpaka leo bado nakimbia."

Nikamwambia, "Soksi zitatakata, Mjomba." Akanipiga kofi dogo la kisogo.

Hasara yake ni hii: nilikuwa na adui mzuri kabisa, na sasa sina.

Tarehe 22

Tumerudi. Vumbi limetupokea mlangoni.

Tarehe 27

Nimechoka na dirisha moja moja. Nikimaliza la tatu, la kwanza limechafuka. Leo nimeamua: zinashuka ZOTE. Siku moja, zote kumi na mbili, uani, zioshwe, zikauke, zirudi. Nimeazima bisibisi kwa Fundi Randa.

"Ya nini?"

"Nazishusha."

"Moja moja?"

"Zote."

Akafungua mdomo kusema kitu. Mteja wake akamwita, akaondoka. Angekaa kidogo tu.

Oo, Mpekuzi, ungeona! Uani kumejaa shata, zimeegemea ua kama watu wanaoota jua. Nimesugua kila kona, bawaba zimelala kwenye mafuta, tope la nyigu limetoka lote. Hata ukingo wa juu, ule ambao hakuna anayeuona, nimeukuta una michoro michafu ya penseli, mistari na duara, nikaichukulia msasa mpaka mbao ikawa nyeupe kama gunzi jipya la muhindi. Kazi safi! Zote zinang'aa kijani. Majirani wanapita wanasimama. Bibi kaketi katikati yao kwenye kiti chake, kama bibi harusi na wapambe.

"Mke mwenzangu," akaniambia, maana ndivyo anavyonitania, "leo umeniletea mume wangu nyumbani."

Kesho asubuhi narudisha. Sijawahi kumaliza kitu maishani. Hiki nakimaliza.

Tarehe 28

Haziingii.

Nakuandikia nikiwa nimekaa chini jikoni, Mpekuzi.

Asubuhi nimebeba shata ya kwanza, nimeipeleka dirisha la sebuleni. Kubwa. Nikajaribu ya pili. Ndogo, naona jirani kwenye ufa. Ya tatu imeingia nusu, ikakwama, nikaigonga, ikalia kama mbuzi, ikagoma kutoka.

Nikamwita Fundi Randa. Akaja, akaangalia madirisha, akaangalia shata, akainua moja akatazama ukingo wa juu.

"Alama ziko wapi?"

"Alama gani?"

"Za penseli. Babu yako alijenga nyumba hii chumba kimoja kimoja, leo akipata mbao hizi, kesho zile. Hakuna dirisha linalofanana na jingine. Kwa hiyo kila shata aliiandikia makao yake hapa juu." Akapitisha kidole kwenye mbao nyeupe. "Hapa juu palipotakata."

Nikasema, "Nilidhani ni uchafu."

Akanitazama. Halafu akaanza. Mwanzoni alikuwa anacheka kwa pua tu, kisha akakaa chini kwenye udongo, kisha akalala chali. "Kafuta namba! Kafuta namba kwa msasa! Kasafisha mpaka anwani!" Mimi nikaanza kulia. Akaona, akakaa, akaniomba radhi, akaendelea kucheka huku akiomba radhi.

Na upepo ukachagua saa hiyo hiyo. Mpekuzi, nyumba yenye matundu sita na upepo wa kiangazi! Lilikuja wingu jekundu kutoka barabarani, likaingia upande mmoja likatokea upande wa pili. Tulitundika mashuka, upepo ukayavua. Tulisogeza kabati, likazuia dirisha moja. Na Bibi akaanza kukohoa. Sio kile kikohozi cha kila siku. Kile kingine, cha ndani, ambacho katikati yake hakuna pumzi.

Mama kamshika mgongo, mimi nimeshika dawa yake ya kuvuta, vidole havijui kifuniko kinafunguka upande gani. Fundi Randa hakucheka tena. Alimbeba Bibi mikononi mwake mpaka kwake, kwenye chumba kisicho na dirisha anachokaushia mbao. Tulifunga mlango. Tukangoja. Kidogo kidogo pumzi ikarudi.

Neno la kwanza la Bibi: "Pananuka babu yenu humu." Yaani mbao.

Mama katoka nje na simu. Nimesikia anaongea na kaka yake. Nimesikia, "Njoo." Basi. Bibi ataondoka, na nimemwondoa mimi, kwa sabuni.

Tarehe 29

Bibi yuko kwa Fundi Randa, anapumua vizuri, anamkosoa anavyopiga randa.

Mimi nilikuwa nimekaa uani nachukia shata. Nazitazama tu, zote kumi na mbili, kijani, kijani, kijani… Nikasimama. Si kijani kimoja! Nne zimepauka sana upande wa nje. Nne zimepauka kidogo. Nne zina rangi kama zimepakwa jana. Nikakimbia kuzunguka nyumba. Madirisha mawili yanatazama jua la jioni, lile kali. Mawili yanatazama jua la asubuhi. Mawili yanatazama ukuta wa jirani, hayaoni jua kamwe!

Alama za penseli nimefuta, Mpekuzi, ila jua nalo lilikuwa linaandika, na maandishi yake hayatoki kwa msasa!

Nimempigia kelele Fundi Randa. Kaja, katazama, kakuna kichwa. "Hilo mimi nisingeliona," akasema. Nimeliandika hapa ili asije akalikana.

Bawaba zinaonyesha ya kushoto na ya kulia. Hadi jioni tumerudisha nane. Zimeingia zenyewe, tik, kama kifuniko na chungu chake. Na ile iliyokuwa imekwama imetoka kwa mafuta na matusi madogo.

Tarehe 30

Kamanda kafika. Nimesikia gari likisimama. Nilikuwa juu ya stuli, nimekumbatia shata. Zilizobaki ni nne, za ukuta wa jua la asubuhi, na zinakataa, kwa sababu zile mbili za kushoto zinafanana kama mapacha na za kulia vile vile, tofauti ni unene wa kucha.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba." Katazama nyumba. Katazama kabati dirishani. Nikajua sasa linakuja. Akavua koti, akalitundika kwenye msumari, akakunja mikono ya shati. "Lete hiyo."

Akachukua shata mikononi mwangu, akaigeuza, akabonyeza kibao cha chini kabisa, kile kipana kuliko vingine, kwa kidole gumba, akakisukuma pembeni. Kibao kikachomoka! Kikateleza kikatoka kizima, na pakawa na tundu la kupita mtoto.

"Hii ni ya chumba changu," Kamanda akasema.

"Umejuaje?"

Akashusha sauti. "Nilikilegeza mwenyewe. Nilikuwa natokea hapo kwenda kucheza mpira wakati wa kulala mchana."

"Nimesikia!" Sauti ya Bibi hiyo, kutoka ng'ambo ya ua. "Na nilikuwa najua! Nani alikuwa anakipaka mafuta kisipige kelele ukanivunjia usingizi?"

Mpekuzi, natamani ungeiona sura ya Kamanda. Mtu mzima, mkubwa ofisini, masikio mekundu kama amekamatwa juu ya mti wa watu. Mama kajifunika uso kwa kitambaa anachoshona, mabega yanaruka.

Ile moja ilipokaa mahali pake, zilizobaki tatu zikajipanga. Kabla jua halijazama zote kumi na mbili zimefunga. Tumefuta nyumba kwa vitambaa vibichi, sakafu, kuta, mpaka juu ya balbu, Mjomba na mimi, yeye amevaa soksi mikononi bila kuambiwa. Bibi karudi kwenye kiti chake.

Nikamuuliza, "Mjomba, sasa?"

"Sasa nini? Nilisema mvua. Mvua imenyesha?"

Ni yule yule bado.

Tarehe 1 Oktoba

Mjomba karudi kazini. Nimeandika alama mpya kwenye ukingo wa juu. Kwa patasi safari hii. Asitokee chizi mwingine mwenye msasa.

Tarehe 5

Brashi kavu asubuhi, rula mbichi Jumamosi. Siandiki jina mezani, halisomeki.

Tarehe 11

Nimegundua kitu wakati wa kula. Nikamwambia Mama, "Leo kuna ukimya, kuna nini?" Mama akasikiliza. Tukamtazama Bibi. Bibi akasema, "Mnanitazama nini, nina pembe?"

Hajakohoa tangu jana.

Tarehe 16

Kamanda kapiga simu mara mbili kuuliza mawingu.

Tarehe 20

Mawingu! Kamanda kafika na mwavuli. Kakaa sebuleni, mwavuli magotini, anaingoja mvua kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Mawingu yakaondoka. Bibi kamwambia, "Tucheze karata, mwanangu, mvua haina adabu, haiji ikitazamwa."

Tarehe 21

Haijanyesha. Kamanda kapoteza karata zote kwa Bibi. Bibi anamwibia waziwazi, naye anamwachia.

Tarehe 22

IMENYESHA.

Ilianza saa nane mchana. Kwanza harufu, halafu upepo uligeuka, halafu giza. Mama akapiga kelele, "Shata!" Tukakimbia, kila mtu na madirisha yake, tik, tik, tik, komeo chini. Mvua ikaja kama mtu anamwaga changarawe juu ya bati zima. Hatukusikiana. Kamanda kakimbia nje na mwavuli kukagua kwa nje, karudi ndani, kaanza kukagua kwa ndani, kapiga magoti dirisha kwa dirisha, anapapasa ukuta kwa kiganja. Sebule, kavu. Chumba cha Mama, kavu. Mimi namfuata nyuma. Chumba chake cha zamani akatumia muda mrefu, akapapasa kile kibao cha chini. Kavu.

Akarudi sebuleni, akaganda. "Maji."

Kweli. Chini ya dirisha, kidimbwi.

Mama akainama, akatazama, akatazama juu, akasema kwa utulivu: "Kaka. Mwavuli wako."

Alikuwa ameuegemeza hapo hapo, unachuruzika.

Mpekuzi, Kamanda alicheka! Sijawahi kumsikia akicheka kwa sauti. Akamgeukia Bibi, akachuchumaa mbele ya kiti chake, akasema, "Haya, Mama. Utabaki kwako. Hapana vumbi, hapana maji. Nimesema."

Nikaruka! Nikamkumbatia Mama, nikamkumbatia Kamanda, nikakumbatia shata.

Bibi akangoja nitulie. "Mmemaliza?"

"Tumemaliza, Mama."

"Kiangazi chote mnanijadili kama kabati. Lihamishwe, lisihamishwe. Kuna mtu kaniuliza mimi nataka nini?"

Mpekuzi, hakuna. Hata mimi. Nilisugua msimu mzima bila kuuliza.

"Unataka nini, Bibi?" nikasema.

"Mvua haina vumbi, ina?"

"Haina."

"Basi fungueni madirisha. Yote. Nataka kuiona."

"Mama!" Kamanda kasharuka. "Maji yataingia! Kifua chako! Kimbunga, usithubutu kugusa hilo komeo!"

"Kimbunga," Bibi akasema, taratibu, "mke mwenzangu. Fungua."

"Usifungue!"

"Fungua."

Mama kageuza uso, anakagua pindo la sketi kana kwamba hayupo. Mvua inaimba nje. Kamanda kanyoosha kidole, Bibi kanyoosha shingo kuelekea dirishani, macho yanang'aa kama ya msichana. Na mimi nimesimama katikati, mkono juu ya komeo, komeo limepakwa mafuta vizuri kiasi kwamba ukipumua tu linafunguka.

Usiniulize kwa nini ukurasa huu umelowa na wino umetapakaa. Nakuuliza mimi, Mpekuzi wangu: ungekuwa wewe pale, ungefanya nini?